Vitufe vya Mviringo Vimenitoa Kwenye Kwaya

Kwako Mwalimu Mkuu,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, tena una nafasi ya kukaa kitako, maana jambo lenyewe ni zito.

Kama ujuavyo, Mwalimu wa Kompyuta alinipa kazi ya kutengeneza programu ya kujiandikisha kwenye klabu za shule. Nimeitengeneza, na kwenye kompyuta ya maktaba dirisha lake linafunguka vizuri: juu swali, chini orodha ya klabu, na kando ya kila klabu kitufe cha mviringo. Ukikibonyeza, nukta nyeusi inaingia ndani. Ijumaa majina yatabandikwa ubaoni. Mimi naimba kwaya tangu nilipoingia shule hii, na kompyuta naipenda kupita kiasi, lakini programu yangu mwenyewe inanikatalia kuwa na vyote viwili. Kwa hiyo nalalamika hivi:

1. Vitufe hivi havina adabu. Ukibonyeza Kompyuta, nukta iliyokuwa kwenye Kwaya inaondoka bila hata kuaga. Mgeni asiyealikwa hafukuzwi hivyo, sembuse mwimbaji wa sauti ya kwanza.

2. Jina lao lina walakini. Nimefundishwa kwamba vinaitwa vitufe vya redio kwa kuwa katika redio za zamani ukibonyeza kimoja, kingine kinaruka juu. Redio ya babu ina umri mkubwa kuliko mama, na inashika stesheni mbili kwa mpigo. Babu husikiliza taarifa ya habari huku akitikisa mabega kwa muziki, na hajawahi kulalamika.

3. Kwaya ni Jumanne, kompyuta ni Alhamisi. Walimu wenyewe hawana ugomvi. Juzi niliwaona wakigawana chaki. Wanaogombana ni vitufe tu.

4. Ugonjwa umeshafika nyumbani. Mdogo wangu, tunayemwita Profesa kwa wingi wa maswali, alinitazama nikichora dirisha hilo daftarini, kisha akaenda moja kwa moja jikoni kumuuliza mama kati yetu wawili nukta iko kwa nani. Mama alimjibu kwamba yeye alizaa, hakubonyeza, na atakayeuliza tena ataosha masufuria. Profesa ameosha masufuria.

5. Hili naliandika kwa heshima zote. Niliijaribu programu kwa vyeo vyako, maana wewe ni Mkuu wa shule, mwalimu wa hesabu na refa wa mpira. Nilipobonyeza Refa, ukuu ukakutoka. Shule nzima ilikaa bila mkuu mpaka kengele ya mapumziko, na hakuna aliyegundua ila mimi.

Mwalimu wa Kompyuta alicheka tu. Aliniambia, binti yangu, kitufe hakina kosa, sheria ya klabu moja aliitoa Mkuu. Nami siwezi kumlalamikia Mkuu, ndiyo maana nakilalamikia kitufe.

Naomba basi kibali cha kuweka visanduku vya mraba, ambavyo mtu hutia alama kwenye vingi kadiri apendavyo.

Wasalimie walimu wote ofisini, karani na wapishi. Wa nyumbani kwetu nao wanakusalimu, hata Profesa, ingawa ana swali.

Ni mimi mwanafunzi wako msikivu na mwenye matumaini,
Sauti ya Kwanza, Kidato cha Pili.

N.B. Kwa kuwa nilikuwa na hakika utakubali, visanduku nimeviweka tangu asubuhi. Wanafunzi wote wametia alama klabu zote. Hata mlinzi wa geti, aliyeingia maktaba kuazima chaja, sasa ni mchezaji wa netiboli. Kwaya imekuwa shule nzima, na Mwalimu wa Kwaya ameshika kichwa, anasema itabidi achuje upya, wa zamani kwa wapya. Tafadhali, Mwalimu, amuru vitufe vya mviringo virudi leo hii kwa watu wote. Visanduku nibakizie mimi peke yangu. Viwili vinanitosha.