Uzinduzi kwa Umeme wa Mama Vifungo

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Mtaa. Mheshimiwa Makamu wake, ambaye kwa bahati njema ndiye mwenye maghorofa haya manne yaliyotuzunguka. Ndugu Wajumbe wa Kamati ya Maandalizi. Ndugu Wajumbe wa Kamati Ndogo ya kuisimamia Kamati ya Maandalizi. Katibu Muhtasi wangu mwenye simu juu, hapo hapo, usishushe mkono. Viti vya mbele, vilivyohifadhiwa kwa wageni ambao bado wako njiani. Akina mama mliosimama bombani na ndoo, nawatambua. Vijana mliojipanga kwenye ngazi za ghorofa ya pili kwa sababu ndipo intaneti ya kinyozi inaposhika, nanyi nawatambua, pamoja na kinyozi mwenyewe. Na wewe fundi wetu wa cherehani, Mama Vifungo, uliye dirishani kwako pale chini, na ambaye umetupatia umeme wa kipaza sauti hiki. Kama kuna niliyemruka, ajihesabu ametajwa, tena kwa cheo kikubwa kuliko alicho nacho. (Makofi machache, kutoka kwa Kamati Ndogo.)

Ndugu wananchi, nasimama hapa kwa unyenyekevu mkubwa, mimi Mkurugenzi wa Idara ya Uwiano wa Gharama za Kaya, kuzindua rasmi ule mradi ambao nimeutolea jasho kwenye semina, warsha, makongamano na hoteli kadhaa zenye viyoyozi vikali, yaani Mpango Mkakati Jumuishi wa Kushusha Bili za Umeme, Maji na Intaneti katika Ngazi ya Kaya, Awamu ya Kwanza, ambayo sisi wataalamu tunaiita fezi wani, na ambao kwa lugha ya hizo kofia mlizogawiwa unaitwa Shusha Bili. (Makofi. Mtu anauliza kama kofia ni za kuondoka nazo.) Ni za kuondoka nazo, mzee wangu. Serikali yenu haijawahi kumvua mtu kofia.

Kabla sijazama kwenye mada, nitoe ufafanuzi kuhusu huo waya wa njano mnaouruka mkienda bombani. Kuna maneno yamezagaa kwamba ofisi yangu imekatiwa umeme. Nikanushe vikali. Ofisi yangu ipo katika mapumziko ya muda ya kinishati, baada ya sisi na kampuni ya umeme kutofautiana kimtazamo kuhusu nani alitakiwa kulipa, na kwa miezi gani. (Kicheko kirefu.) Katika mazingira hayo, Mheshimiwa Makamu Mwenyekiti, kwa moyo wake wa kujitolea, alimwomba mpangaji wake Mama Vifungo tuchomeke kwake.

(Mama Vifungo, dirishani, sindano mbili mdomoni: Samahani baba, hotuba ni ndefu? Mita yangu imeanza kulia.)

Swali zuri, mama. Hotuba ni ya wastani. Na hiyo mita kulia ni dalili kwamba mitambo yetu imeguswa na ujumbe. (Kinyozi, kwenye ngazi: Mita ikilia uniti zinakaribia kuisha, mkubwa.) Ahsante kinyozi, nitalifikia hilo kwenye kipengele chake.

(Mama Vifungo: Maana mimi nina sketi za shule humu, na gari la shule linakuja kuzichukua saa kumi. Mwalimu mkuu ameshaniambia, leo nikichelewa, kazi ya mwaka mzima anampa fundi mwingine. Na cherehani yangu ni ya umeme.)

Mmesikia wenyewe, ndugu wananchi. Huyo ndiye mwananchi wa kipato cha kati tunayemlenga. Ana sketi, ana muda maalumu, ana cherehani ya kisasa. Kwa lugha ya mradi, mama huyu ni stekiholda. Mpigieni makofi. (Makofi.)

Sasa tuje kwenye takwimu, kwa sababu mimi si mtu wa maneno matupu. Wakati naingia madarakani, wastani wa bili ya umeme katika mtaa huu ulikuwa umepanda mpaka watu wakawa wanapasi nguo upande wa mbele tu. Leo hii, ninapozungumza nanyi, kwa mujibu wa dashibodi yetu ya kisasa, wastani huo umeshuka karibu nusu. Karibu nusu! (Mnong'ono. Mama mmoja bombani: Umeshukia kwa nani?) Umeshuka, mama yangu, kwa njia ya kitaalamu. Tulichukua bili zote, tukajumlisha na kaya zilizokatiwa huduma, ambazo bili yao kwa sasa ni sifuri, kisha tukagawanya. Kwa hiyo kila anayekatiwa umeme anachangia moja kwa moja kushusha wastani wa jirani yake, na kwa niaba ya Idara napenda kuwashukuru wote waliokatiwa. Kule nyuma nawaona. Msione haya, simameni tuwapigie makofi. (Wanasimama wengi kuliko waliokaa.)

Kuhusu maji. Nimepokea malalamiko kwamba mita zenu zinazunguka hata siku ambayo maji hayatoki, na kwamba kinachopita ni upepo. Ndugu zangu, tusiwe wepesi wa kulaumu. Huo upepo haukujileta. Umesukumwa na pampu, pampu ina fundi, fundi ana mshahara, na mshahara una makato. Idara imeunda kikosi kazi kitakachochunguza ubora wa upepo huo, na nawaahidi kwamba hakuna kaya itakayouziwa upepo usiofikia viwango.

(Kicheko. Mita inasikika ikilia kutoka chumbani kwa Mama Vifungo. Anasema: Baba, mimi naomba niuchomoe huo waya. Makamu aliniambia dakika kumi na spika ndogo. Naona spika ni kabati mbili, na feni mmeweka.)

Feni ni ya wageni, mama. (Kinyozi: Wageni wenyewe hawajafika, inapuliza viti.) Viti navyo vina heshima yake. Mama Vifungo, nakusihi uwe mvumilivu kama ulivyo siku zote. Huo umeme unaoutoa kwa ajili ya taifa utarudishiwa kupitia fremuweki ya fidia, ukishajaza maombi na kuambatanisha picha mbili. Kwani shida iko wapi? Si mwisho wa mwezi watakuletea bili, utailipa pole pole?

(Kicheko kinaanzia kwenye ngazi na kushuka mpaka bombani.)

(Mama Vifungo: Mwisho wa mwezi gani, baba yangu? Huu ni wa kununua kwanza. Asubuhi nahesabu sketi, najua pindo ni ngapi na zipu ni ngapi, nanunua umeme unaotosha kazi ya siku hiyo, basi. Kesho nanunua wa kesho. Leo nilinunua wa sketi. Sikununua wa hotuba.)

Kumbe unaisha?

Naomba hilo lisiingie kwenye kumbukumbu, Katibu. Nilichomaanisha, ndugu wananchi, ni kwamba kule ninapoishi, katika nyumba niliyopewa kulingana na wadhifa wangu, umeme upo tu, kama ukuta ulivyo. Sijawahi kuusikia ukilia. Lakini nimejifunza, na kiongozi bora ni yule anayejifunza hadharani huku akipigiwa makofi. (Hakuna makofi.) Tutaandaa ziara ya mafunzo nje ya nchi tukaone wenzetu umeme wao unaishaje.

Nikimbie haraka kwenye intaneti, kwa kumhurumia mama. Hapa ndipo Idara imeleta mapinduzi. Nafahamu kwamba kifurushi kisicho na kikomo sasa kina kikomo, na kwamba kile cha mwezi kinaishia wiki ya pili, siku ambayo mtoto ana kazi ya shule ya kutafuta mtandaoni. Nafahamu pia kwamba ghorofa zima linatumia waifai ya kinyozi, na kwamba kinyozi hubadilisha nywila kila anapokopwa. (Kinyozi: Na leo nimebadilisha.) Sisi tumekwenda mbele zaidi. Hotuba hii inarushwa mubashara, dunia nzima inatazama, kwa bando la Katibu Muhtasi wangu. Katibu, hebu watajie tuna watazamaji wangapi mpaka sasa.

(Katibu Muhtasi: Watatu, bosi. Mmoja ni mimi. Mwingine ni mkeo, ameandika hapa anauliza kama ile bili ya maji uliilipa au ndiyo maana wamekuja na spana.)

Mwambie nipo kazini. Mnaona, ndugu wananchi, hata kiongozi ni binadamu, naye bili zinamfuata mpaka jukwaani. Kwa hiyo nikisema nawaelewa, nawaelewa kutoka moyoni, na kwa kweli hapa katikati ya karatasi naona imeandikwa nifute chozi, lakini kwa sababu ya muda nitaliruka.

Niwatangazie sasa mafanikio makubwa. Kwanza, mradi una kofia. Pili, mradi una wimbo, ambao utatungwa. Tatu, kila kaya itafungiwa kifaa cha kisasa kabisa, kidogo kama sabuni, kitakachobana bili zote tatu kwa pamoja, na kifaa hicho kiko kwenye paiplaini. (Mzee wa kofia: Bomba gani, hili letu lisilotoa maji?) Ni paiplaini ya kitaalamu, mzee, hiyo haihitaji maji. Nne... Kamati ya Maandalizi, mnafanya nini pale? Naona mnachomeka kitu.

(Mjumbe wa Kamati: Birika la chai ya wageni, Mheshimiwa.)

Vizuri sana. Hiyo ndiyo maana ya uratibu. Nne, ndugu wananchi, ningependa sasa kwa heshima na taadhima nitamke rasmi kwamba Shusha Bili

(Kipaza sauti kinakatika. Feni inapunguza mwendo, inasimama. Ndani kwa Mama Vifungo cherehani, iliyokuwa inakimbia muda wote huo, imenyamaza. Mita nayo hailii tena.)

Mnanisikia? Kule bombani mnanisikia? Basi nitasema kwa koo langu mwenyewe, koo ambalo halitozwi. Ni hitilafu ndogo tu.

(Mama Vifungo anatoka nje na sketi moja mkononi, zipu imeshonwa upande mmoja. Haongezi sauti: Zimebaki sita. Gari lile pale linakata kona. Mimi hela ya umeme mwingine leo sina, naipata nikishakabidhi hizi. Mlinikopa bila kuniambia. Akishasema hayo anachomoa waya wa njano, anauviringisha vizuri, anamkabidhi Mheshimiwa Makamu Mwenyekiti.)

Mama, subiri kidogo, nimebakiza kaulimbiu. Kaulimbiu haitumii umeme. Ndugu wananchi, nikisema Shusha, nyie semeni Bili. Shusha. (Watu wa nyuma wanainuka.) Nikisema Bili, semeni Chini. Bili. (Sauti moja, bombani: Juu.) Hapana, ndugu zangu, tulifanya mazoezi. Mnakwenda wapi? Viti vya nyuma, nawaomba mrudi. Vijana wa kwenye ngazi, mbona mnashuka kwa pamoja? Kinyozi, kaa chini, wewe ni mfano wa kuigwa.

(Kinyozi amevuka uwanja, ameingia chumbani kwa Mama Vifungo, anasoma namba ya mita kwa sauti kupitia dirishani: Haya, andikeni, kila mmoja amnunulie mama uniti kwa alicho nacho. Na nywila ya waifai ni ile ya zamani, nimeirudisha, asiye na bando aingie anunue kupitia hapo. Watu wametoa simu. Mama wa bombani ametua ndoo. Mzee amevua kofia yake na kuigeuza, inapita mikononi, ndani zinaingia sarafu za wasio na kitu kwenye simu. Dereva wa gari la shule ameteremka, anauliza kuna msiba gani.)

Hakuna msiba, dereva, ni uzinduzi. Karibu kiti cha mbele.

(Dereva anamwambia Mama Vifungo: Shona tu mama, nitasema nimekuta njia imefungwa na Mkurugenzi. Mita inalia mara moja, taa inawaka dirishani. Cherehani inaanza tena. Watu wamelizunguka dirisha, wakinyoosheana sketi kwa zamu kama wanaopokezana watoto.)

Katibu, endelea kurekodi. Bando limeisha? Basi andika kwa mkono. Andika kwamba mara tu baada ya hotuba ya Mkurugenzi, wananchi wa mtaa huu, kwa hiari yao, walijitokeza kwa wingi, wakashusha bili ya kaya moja mpaka sifuri, papo hapo, bila kikosi kazi. Andika kwamba impakti imeonekana. Usiandike nilikuwa nimesimama wapi.

Na sasa, kwa kuwa mliobaki kunisikiliza ni Kamati Ndogo pamoja na viti, nitoe shukrani. Namshukuru mfadhili, ambaye tukimpata tutamtangaza. Namshukuru mkandarasi wa vile vifaa vidogo kama sabuni, popote atakapozaliwa. Nawashukuru wataalamu walioandaa bajeti, wakaimaliza kwenye kuiandaa. Namshukuru Mama Vifungo, na mama, nakuomba radhi, hilo nalisema bila karatasi. Na zaidi ya wote nawashukuru nyinyi mlionipa mgongo pale dirishani, mnaomshikia mama zipu, kwa kuuanzisha mradi huu leo, saa kumi kasoro. Maana mimi nilikuja na jina tu, na kofia.