Taarifa ya Tume Kuhusu Tundu la Ukuta wa Hamdiya

Naanza kwa jina la Mola aliyeteremsha chuma na akafinyanga nyama, naye peke Yake ndiye ajuaye kipi kitoboe na kipi kitobolewe. Sala na salamu zimfikie Mtume Wake na jamaa zake. Baada ya hayo, Jumuiya ya Waswahili wa Euless, Texas, na Vitongoji Vyake inayo furaha kuwatangazia wanachama wote kwamba bastola ya Mwenyekiti imepona.

Utaratibu unataka watu wapangwe kwa daraja zao kabla ya maelezo. Wa kwanza ni Mwenyekiti, Mzee Abdulghafur, aliyekalia kiti mwaka wa kumi na moja sasa, na haiwezekani kumwondoa kwa kuwa kiti chenyewe ni chake na vikao hufanyika sebuleni kwake. Wa pili ni mimi, Katibu wa Kudumu, mwenye kalamu na muhuri. Wa tatu ni Gracien, Mkongomani, fundi wa injini za malori, mjumbe wa masuala ya ufundi asiye na kura. Wa nne ni ukuta unaotenganisha nyumba ya Mwenyekiti na ya jirani yake. Wa tano ni jirani mwenyewe, Bi Hamdiya, mjane, msaidizi wa wauguzi katika zamu ya usiku. Wapo waliouliza kwa nini ukuta umetangulizwa mbele ya mjane. Jibu ni kwamba ukuta haukuwahi kupinga azimio lolote.

Bastola ilinunuliwa kwa ajili ya usalama wa Jumuiya, juma lile lile Mwenyekiti alipopotelewa na makubadhi yake mlangoni mwa msikiti. Tangu hapo imekaa kiunoni mwake katika kila kikao, na idadi ya wanaopinga hoja imepungua kwa namna ya kuridhisha.

Mwenyekiti aliipaka mafuta ya nazi. Marehemu babake alipaka mafuta hayo hayo kwenye makufuli ya duka lake Mombasa, na hapana kufuli lililowahi kulalamika. Lakini Mombasa mafuta ya nazi hayalali. Euless, ambako Mwenyekiti huwasha kiyoyozi hata wageni wakajifunika shuka, mafuta yaliganda ndani ya bastola yakawa meupe kama samli, na springi ikashikwa humo isiweze kwenda wala kurudi.

Gracien alipita pale Jumamosi asubuhi kurudisha ngazi. Alipoona bastola imelazwa mezani kati ya sahani ya mahamri na bisibisi, alimshauri Mwenyekiti kwamba kutoa kibweta cha risasi hakutoshi, kwani ipo moja iliyokwisha kupanda mtutuni. Mwenyekiti alimjibu kwamba hilo si lori. Gracien akaaga. Mwenyekiti akachukua kikausha nywele cha mkewe, akaipulizia bastola hewa ya moto mpaka mafuta yakayeyuka, kisha akavuta kifyatulio ili kuthibitisha ubora wa kazi yake. Kazi ilithibitika saa tatu na dakika kumi.

Risasi ilipita ukutani, ikatoboa ubao wa kitanda cha Bi Hamdiya, ikatua ndani ya mto wake. Kila siku, saa hiyo, kichwa chake huwa juu ya mto huo. Siku hiyo mwenzake wa zamu alichelewa kumpokea, naye akasalia hospitalini saa mbili zaidi. Tume ya Jumuiya imemwandikia mchelewaji huyo barua ya pongezi. Ama mlio, majirani waliusikia, lakini Texas mlio ni mlio.

Bi Hamdiya alipoliona tundu alitaka kupiga simu polisi. Mwenyekiti alimsihi kwamba mambo yetu hupita kwa wazee kwanza, nayo ndiyo desturi, naye mwana wa watu akaiheshimu. Kumbe Jumatatu mafundi waliokuja kubadilisha vichujio vya hewa waliliona tundu hilo chumbani mwake, na msimamizi wa majengo haya ya kupanga, mwanamke mmoja aitwaye Whitney, akamwandikia Bi Hamdiya barua: aeleze kwa maandishi, katika siku tatu, tundu limetoka wapi, au ahame. Bi Hamdiya hana pengine pa kwenda. Tume, ndiyo hao wazee, ikaitishwa kesho yake.

Kumbukumbu zilizopita zilisomwa na kuthibitishwa kwanza, maana hapana dharura inayoruka kumbukumbu. Kisha Mwenyekiti akamgeukia mjane kwa sauti ya ubaba.

"Hamdiya, mwanangu, tundu ni tundu. La msumari, la risasi, ukuta haujui tofauti."

"Mto wangu unaijua, ami."

Mwenyekiti alipendekeza aandike kwamba alikuwa akitundika saa. Jina la Jumuiya ni kubwa, alisema, na haifai kuliweka midomoni mwa watu wa ofisi.

"Saa gani hiyo," akauliza Bi Hamdiya, "ambayo msumari wake unavuka ukuta na kwenda kulala kitandani?"

Swali liliahirishwa.

Gracien akaomba nafasi. "Papa, mi nilikuambia utoe ile moja ya ndani. Ukaniambia hii haiko lori."

Nilidhani Mwenyekiti angekasirika. Aliniuliza tu kama maoni ya mjumbe yameandikwa. Nikasema yameandikwa.

"Vizuri. Sasa andika kwamba niliyasikia na nikayapuuza, kwa sababu ya uzoefu wangu. Na uandike kwamba risasi ilitoka sawasawa. Watu wasije wakasema sijui kutengeneza kitu."

Niliandika. Nikaandika pia mafuta, kikausha nywele, saa, dakika na jina la mkono uliovuta. Mwenyekiti alitaka hatua za ufundi zipangwe moja baada ya nyingine, ili vijana wajifunze. Maazimio yakapita bila kupingwa: kwanza, Mwenyekiti apongezwe kwa kuitengeneza bastola nyumbani bila msaada wa mtu, pili, tundu la ukuta wa Bi Hamdiya lichukuliwe kuwa ni la msumari, tatu, Bi Hamdiya atie saini.

Kifungu cha kumi na nne cha katiba yetu kinasema kumbukumbu za Tume ziandikwe kwa Kiswahili na Kiingereza, zitiwe saini, zipigwe muhuri, na kila mhusika apewe nakala. Mwenyekiti mwenyewe ndiye aliyekitunga, mwaka aliotaka tuonekane kama ubalozi. Nilifasiri usiku huo kwa uangalifu wangu wote, na kesho yake tukakutana tena.

Bi Hamdiya alizipitia kurasa zote, kalamu mkononi. Barua ya Whitney ilikuwa imekunjwa mara nne ndani ya kiganja chake cha pili.

"Nitatia saini," akasema. "Lakini mkubwa hutangulia. Ami aanze. Na nakala yangu nipewe, kama katiba isemavyo."

Adabu hiyo ilimgusa Mwenyekiti. Alisema laiti wanawake wote wa Jumuiya wangekuwa na malezi haya. Akatia saini kurasa zote, bila miwani, kama alivyofanya miaka kumi na mmoja, nami nikagonga muhuri. Bi Hamdiya akafuata. Mbele ya jina lake aliandika neno moja: "Nimehudhuria." Kisha akapokea nakala yake na kuondoka.

Barua aliyoipeleka ofisini ilikuwa na mstari mmoja, kwamba maelezo ya tundu yameambatishwa.

Whitney alisoma kiambatisho chote. Nasikia alikisoma mara mbili, na ile sehemu ya kikausha nywele alimwita mwenzake aje waisome pamoja. Siku ya pili askari wawili walibisha kwa Mwenyekiti, wakamuuliza maswali kwa kufuata mpangilio wetu wa vifungu, wakaondoka na bastola iliyopona. Siku ya tatu Mwenyekiti alipewa barua ya kuhama. Ya Bi Hamdiya ilifutwa, na akaletewa fundi wa kuziba ukuta.

Mwenyekiti aliniuliza ni mwanaharamu gani aliyefasiri kumbukumbu zile. Nilimjibu kwamba ni Katibu, kwa mujibu wa kifungu cha kumi na nne.

Majengo mengine yote aliyoomba kupanga yalimtaka barua ya jirani atakayeshuhudia mwenendo wake. Jirani wa kupakana naye ukuta alikuwa mmoja tu. Mwenyekiti alisimama mlangoni kwa Bi Hamdiya, kiti chake cha ngozi kikiwa tayari juu ya gari, akamwomba aandike maneno mawili matatu, kwamba lile tundu lilikuwa dogo.

"Sikatai, ami," alisema Bi Hamdiya. "Lakini mambo yetu hupita kwa wazee kwanza. Itisha Tume."

Tume haikuweza kukaa, kwa kuwa haikuwa tena na sebule.

Ewe Mola, wahifadhi waliobaki upande wa pili wa kuta nyembamba. Wape usingizi wa mchana usio na tundu, waamrishe malaika Wako wawacheleweshe wale wanaostahili kuchelewa, na kila mwenye cheo mjaalie uvivu, asitengeneze kitu. Amin.