Mashine ya Miwani na Juisi ya Mapera

Jumatatu, 3 Machi

Tangu Baba atutoke mwaka juzi, duka la juisi tunaliendesha mimi na dada mkubwa. Yeye husema anaendesha yeye, mimi nasaidia. Tuyaache hayo.

Habari kubwa: meneja wa mgahawa wa chuo anakuja Jumamosi kuonja juisi yetu ya mapera. Akiipenda, chupa sitini kila siku. Asipoipenda, dada anasema tunafunga mwisho wa mwezi, yeye anarudi kwenye cherehani yake. Na mimi? Nilijifunza kutembea nikishikilia kaunta ile.

Wateja wamepungua, na sababu naijua. Juisi inajitenga. Iache nusu saa tu, maji yako juu, nyama ya tunda imelala chini. Nani atanunua kitu kama hicho siku hizi? Nina wazo.

Jumanne, 4 Machi

Nilisoma gazetini. Wataalamu wanapitisha juisi kwenye mawimbi ya sauti, sauti kali ambayo sikio la mtu halisikii. Vinazuka viputo vidogo mno, vinapasuka, vinasaga nyama ya tunda hadi inakuwa laini kabisa. Juisi haijitengi, na haihitaji kuchemshwa sana.

Sasa, fundi wa miwani hapo jirani ana kibeseni cha umeme cha kuoshea miwani kwa mawimbi hayo hayo! Nimekiazima. Aliuliza cha nini. Nikamwambia utafiti. Akataka kirudi Jumapili, kikiwa hakinuki. Dada alipokiona alisema sikio la kufa halisikii dawa, akaendelea kumenya mapera.

Jumatano, 5 Machi

Nilimimina juisi moja kwa moja kwenye kibeseni. Ilitoa povu. Ilikuwa na ladha ya sabuni na, kwa mbali, ya masikio ya watu. Dada aliimwaga yote bila kuniuliza.

Nikaenda kwa fundi. Akacheka kwanza, ndipo akanielekeza: kibeseni unakitia maji, halafu juisi unaiweka ndani ya chombo chake, na hicho chombo ndicho unachokitumbukiza. Rahisi. Chombo kimoja tu dukani kinaenea mle: jagi la Baba.

Alhamisi, 6 Machi

Sijui nianzie wapi.

Jagi la Baba ni la kioo, na lina mstari mwekundu ubavuni. Aliupaka mwenyewe kwa rangi ya kucha ya Mama. Juisi nzito hadi kwenye mstari, kisha maji hadi ukingoni. Hatuna maandishi mengine yoyote. Mstari ule ndio duka.

Niliwasha mashine dakika arobaini. Ikawa inalia kama mbu ndani ya kopo. Juisi ikatoka laini ajabu. Saa moja, haijajitenga. Saa tatu, bado! Nikamwita dada aje atubu.

Hakuitazama juisi. Alitazama jagi. Mstari haupo. Vipande vyekundu vinaelea kwenye maji ya kibeseni. Mashine ya kusafisha imesafisha.

Afadhali angefoka. Alikaa juu ya gunia la sukari akalia, na mimi nikakaa karibu nikalia. Nilikuwa na miaka saba siku moja Baba alipokuwa akiupaka. Aliubana ulimi kwa meno, akaniambia nishike jagi nisitikisike. Sikutikisika hata kidogo. Nammisi mno.

Ijumaa, 7 Machi

Tumeutafuta mstari kwa kumbukumbu. Mimi nasema vidole viwili juu ya mkono wa jagi. Dada anaapa ni kimoja. Majagi saba tumekoroga, matumbo yamejaa hadi kooni, hakuna aliyekubali kushindwa.

Jioni tukalipeleka jagi kwa Mama. Nilikuwa nimeandaa uongo kuhusu paka. Dada akawahi kusema kweli.

Mama alicheka hadi akafuta machozi. Akasema mstari ule Baba alikuwa akiufuta na kuupaka upya kila msimu, ndiyo maana yeye hakuwahi kuimaliza chupa ya rangi kwa kucha zake mwenyewe. Mapera ya mwanzo wa msimu yana maji, ya mwisho ni asali. Baba alionja kwanza, akapaka baadaye. Mstari ulikuwa wa kutuziba midomo sisi wanawe tusimsumbue kwa maswali.

Tukatazamana. Miaka miwili tumekuwa tukichanganya mapera ya kila msimu kwa mstari wa msimu aliofariki. Hapo ndipo wateja walipoishia!

Mama akaonja pera, akafumba macho, akaweka kidole kwenye kioo. Hapa, akasema.

Jumamosi, 8 Machi

Meneja amekuja. Dada alichanganya kwa kipimo cha kidole cha Mama, akatia kwenye chupa. Wakati meneja anasaini kitabu cha wageni, juisi ikaanza kujitenga mbele ya macho yetu. Nikafungua mdomo nimweleze kuhusu mawimbi. Dada akanikanyaga.

Meneja akaigeuza chupa mwenyewe, taratibu, akanywa. Akasema alikuwa akinunua hapa enzi za usichana wake, na alidhani ladha hii imekwenda na mzee. Kilichomfurahisha zaidi wakati ule ni kuikomba nyama ya chini kwa mrija. Chupa sitini, kuanzia Jumatatu. Sharti moja: tusije tukaifanya laini.

Jumapili, 9 Machi

Nimerudisha kibeseni. Dada ameniapisha mbele ya Mama kwamba sitaileta tena mashine yoyote karibu na juisi. Nimeapa kwa moyo mweupe. Nimejifunza mengi wiki hii.

Mama amesema niwe nakwenda kwake kila asubuhi tuonje pamoja, hadi ulimi wangu ujue kidole kinakaa wapi. Anasema yeye umri umekwenda, na ni yeye tu aliyebaki anayejua. Anataka tuanze kesho.

Nimemwambia kesho haiwezekani, nina miadi na kinyozi. Ana kabati lenye taa ya buluu inayoua vijidudu kwenye vitana, na kwa makadirio yangu chupa ishirini zinaenea. Taa si mashine.