Koti la Mama Wakarima na Ng'ombe Aitwaye Sista

Jumatatu, 6 Agosti 1979
Mtihani Ijumaa! Mwalimu Wambua anakuja hapa Kawangware kutuona tukikamua, mimi na Jentrix Musimbi, wanafunzi wa kilimo tuliopelekwa kwa Mama Wakarima kujifunza kazi. Nikifaulu, mimi ni bwana shamba. Nikianguka, narudi Kibera kushona viatu na mjomba Khamala, ambaye ameshanitangaza kanisa zima kuwa bwana shamba. Kikwazo ni ng'ombe, Sista. Leo nimemvuta chuchu mpaka vidole vikafa ganzi. Nikapata povu. Jentrix akaketi, akamwimbia pambio, ndoo ikajaa. Kisha akanishauri ninawe mikono kwa maji ya moto. Kiburi!

Jumanne, 7 Agosti
Nimepata dawa yake! Sista hamtambui mtu kwa sura. Anatambua koti. Mama Wakarima humkamua akiwa na koti lile la kijani linalonuka moshi, na kitambaa kichwani. Jentrix alimzoesha kwa kumpiga brashi majuma mawili. Nani ana majuma mawili? Mama alipokwenda sokoni nikavaa koti na kitambaa. Maziwa hayo! Sista hata akanilamba bega. Mama akarudi mapema. "Wee Wakoli, koti yangu imekukosea nini?" Nikasema nasikia baridi ya Agosti. Akanihurumia, akaniachia hadi Ijumaa. Akili ni mali.

Jumatano, 8 Agosti
Jentrix humfunga Sista miguu ya nyuma kabla ya kukamua. Eti ndivyo tulivyofundishwa. Nimecheka sana. Mtu hafungi rafiki yake kamba.

Alhamisi, 9 Agosti
Zamu yangu kunyunyiza dawa ya kupe. Tuliambiwa ovaroli, glavu, na upepo uwe mgongoni. Lakini ovaroli yangu nimeipiga pasi kwa ajili ya kesho! Nikavaa koti la Mama. Upepo nao ukanijia usoni, maana upande ule mwingine jua lilikuwa kali. Nusu ya dawa ikamwangukia Sista, nusu koti. Sista hapendi dawa hiyo hata kidogo, aliruka kama mbuzi. Jentrix akasema koti lifuliwe, tena lisikaribie maziwa kabisa. Wivu tu. Likifuliwa, harufu ya Mama itabaki wapi? Nimelianika. Macho yanawasha, sijui kwa nini.

Ijumaa, 10 Agosti
Aibu! Jentrix alitangulia. Akafunga kamba, akakamua chuchu mbili, akanibakishia mbili na kufungua kamba kwa ombi langu. Nikatokea na koti na kitambaa. Mwalimu akanisalimu "mama" kwa heshima, akauliza mwanafunzi wa pili yuko wapi. Nikajitambulisha, nikaketi. Michirizi miwili ikatoka. Ndipo Sista akageuka, akanusa koti.

Teke la kwanza lilichukua ndoo. La pili lilinichukua mimi hadi kwenye samadi.

Mwalimu akanusa koti naye. Hakunifokea, na hilo ndilo lililoniuma. Alisema teke ningesamehewa, lakini mtu anayetaka kuwanywesha watoto wa watu dawa ya kupe hawezi kuwa bwana shamba. Nikalivua koti, nikaliweka chini. Mama Wakarima aliliokota koti lake kwa kijiti, akaingia ndani bila kuniangalia. Nilitamani kulia.

Jumapili, 12 Agosti
Kanisani mjomba aliinamisha kichwa hata wakati wa kuimba. Nimemhurumia, kweli. Ila mlango haujafungwa: Mwalimu ameniruhusu kurudia mtihani Oktoba, mbali na ng'ombe. Nimepewa nyuki! Jentrix, ambaye amefaulu, ameniletea kofia ya wavu na glavu, na onyo refu. Nimemrudishia. Kwani nyuki wanapenda nini? Maua. Nimeshapata manukato ya waridi, chupa nzima, na siku hiyo nitajipaka kuanzia utosini.