Taa ya Injini na Udi wa Harusi

Jumatatu, 4 Agosti 2025
Dada Kuluthumu ametoa hukumu. Jumamosi bintiye Tasneem anaolewa, na ikiwa taa ya injini kwenye gari langu bado inawaka, bibi harusi atapelekwa na Zubair. Zubair! Ami tu, mwenye gari la juzi. Mjomba ni mimi! Eti langu linanuka petroli na kutoa moshi mweusi. Uzushi. Nililiwasha palepale kumwonyesha. Zubair alikuwa amesimama nyuma ya gari, na kanzu nyeupe. Nilifurahi, Mungu anisamehe. Dada kaniamuru niifue.

Jumanne, 5 Agosti
Nimebandika utepe mweusi juu ya taa. Imepotea! Kuluthumu kaubandua kwa ukucha, bila hata salamu.

Nikaenda Gede kwa fundi Kalume. Mashine yake ya kupimia inalalamikia sensa ya ekzosi, kile kidude kinachopima moshi bombani. Kaniambia nisikimbilie kununua, Alhamisi atatazama kwanza kama bomba limetoboka. Alhamisi! Fundi akikwambia subiri, ujue hajui. Nimenunua sensa kuukuu, nikaifunga mwenyewe, nikaungua vidole. Nikachomoa betri na kuirudisha. Taa kimya! Ikawaka tena mlangoni kwa Kuluthumu.

Jumatano, 6 Agosti
Dawa nimeipata. Bibi harusi hufukizwa udi, nguo zake hufukizwa, chumba hufukizwa. Gari limekosa nini? Moshi ukinukia, nani atauliza rangi yake?

Nikaweka chetezo cha udi kwenye mdomo wa ekzosi, nikazungushia kanga ya mke wangu, nikapepea mpaka jasho likanitiririka. Lo! Udi ukafuka katikati ya gari, chini ya miguu ya dereva. Zubair alicheka hadi akakaa chini. Kanga iliungua kidogo. Mke wangu hasemi nami.

Alhamisi, 7 Agosti
Nimemsimulia Kalume. Hakucheka. Kaingia uvunguni, akasema udi ulipotokea ndipo penye tundu, mbele ya sensa. Hewa ya nje ilikuwa ikipenya, sensa ikadhani petroli haitoshi, injini ikazidi kuimwaga. Sensa niliyoing'oa haikuwa na kosa lolote. Akachomelea tundu. Taa imezimika, moshi umekwisha. Yeye anasema ni kuchomelea. Mimi najua ni udi.

Jumamosi, 9 Agosti
Ushindi! Tasneem kaketi kwangu na hina zake, honi njia nzima mpaka Watamu. Zubair nyuma yetu, gari jipya limejaa masufuria ya pilau. Kuluthumu kasema mbele ya watu kwamba kaka yake ana akili. Nikajidai sikusikia, ili arudie. Karudia.

Jumapili, 10 Agosti
Imewaka taa nyingine, nyekundu, ya oili. Kalume kasikia, kapiga simu, anasisitiza nisiliwashe gari kabisa mpaka afike. Wivu wa fundi huo! Dawa yake naijua. Nimeshaazima chetezo kikubwa cha Kuluthumu. Mke wangu kaficha kanga zote, lakini haidhuru. Kanzu ya Zubair iko kambani, imekauka.