Bomba Lililotafutiwa Uso

Ilitangazwa mbele ya wananchi wote, kwa sauti iliyowaamsha hata watoto waliobebwa mgongoni, kwamba bomba la maji la kijiji litapatiwa uso.

"Bomba letu lina mwili," alisema Ndugu Protase, mwenyekiti wa kijiji, akiwa amesimama juu ya kreti ya soda ili aonekane hata na walio nyuma kabisa. "Lina miguu, imefika mpaka zahanati. Lina mdomo, sote tunakunywa. Lakini uso halina. Mgeni akitoka wilayani akauliza utawala wa bomba hili uko wapi, tunamwonyesha nini? Tunamwonyesha nyasi."

Watu wakapiga makofi. Kilikuwa kiangazi cha mwaka 1987, na makofi yalikuwa miongoni mwa vitu vichache ambavyo havikuwa vimeadimika.

Bomba lenyewe lilikuwa limemkera Protase kwa miaka. Halikuwa la serikali wala la misheni. Lilianzishwa na Kaijage, mkulima wa kahawa, ambaye siku moja alichukua jembe akaanza kuchimba mtaro kutoka kwenye chemchemi ya mlimani bila kuomba kibali cha mtu. Aliyepita na kuuliza anafanya nini alipewa jembe. Mwishowe kijiji kizima kilichimba, wenyeji na wale waliotoka Rwanda zamani, Wakatoliki na Walutheri. Kando ya kibanja chake cha migomba Kaijage aliweka koki tatu, moja kwa kila upande wa kijiji, akazifunika kwa kibanda cha miti na nyasi. Kwenye nguzo alipigilia msumari, akatundika spana. Mlango hakuweka. Mwenye shida ya maji alikuja akafungua mwenyewe, na aliyeona panavuja alichukua spana akakaza. Sharti lilikuwa moja tu, na Kaijage alimwambia kila mtu: "Ukimaliza, irudishe, na umwonyeshe mwingine."

Kwa hiyo maji yalifika kila nyumba bila mwananchi kumwona kiongozi hata mmoja. Protase aliona hatari iliyokuwamo humo. Leo mtu anafungua maji bila ruhusa. Kesho atafungua nini?

Kisha Kaijage akaugua, akakonda, akaondoka, akazikwa kwenye migomba yake. Miaka ikapita, na masika ya 1987 kibanda kikaanguka. Kwa bahati mbaya kilimwangukia afisa wa wilaya aliyekuwa amejibanza humo kuikimbia mvua. Hakuumia. Kofia yake ndiyo haikupona, na kofia ile ndiyo iliyoleta maendeleo.

Iliundwa Kamati ya Kuchagua Msingi. Protase alikuwa mwenyekiti. Melkiory, aliyesoma sekondari na kuona mengi huko, alikuwa katibu. Mzee Ndyamukama alichaguliwa kuwa mjumbe kwa sababu viti vilivyokaliwa na kamati vilikuwa vyake. Celestin, fundi mwashi, alialikwa kusikiliza.

"Tuchimbe tu msingi mpya," alisema Celestin. "Palepale penye koki. Mawe yapo mtoni."

"Kuchimba upya ni kuanza sifuri," alisema Melkiory. "Walioendelea hawaanzi sifuri. Wanachukua msingi uliokwisha kuthibitika, wanajenga juu yake."

"Umethibitishwa na nani?"

"Na muda."

"Muda ndio ulioangusha kibanda."

Celestin aliombwa azungumze kupitia kwa mwenyekiti. Mzee Ndyamukama akanyoosha mkono.

"Mzee wangu, una jambo linalohusu msingi?" aliuliza Protase.

"Linahusu marehemu Kaijage. Yule alikuwa mtoto wa ukoo wetu, na ukoo haujapata..."

"Hilo litakuja kwenye Mengineyo."

Mengineyo ilikuwa mwisho wa ajenda, na kikao hakijawahi kufika huko tangu kijiji kiandikishwe.

Kamati ikatoka kukagua misingi. Ule wa misheni ulikuwa safi kabisa, hauna hata ufa. Tatizo lake ni kwamba juu yake kulikuwa na kanisa. Padri aliulizwa kama ana mpango wa kulihamisha, akasema atasali. Ili Walutheri wasijione wametengwa, kamati ilikwenda kwao pia, ikakuta hali ni ileile. Msingi wa duka la tajiri aliyehama zamani ulikuwa umeotwa na mti katikati. Melkiory aliusifia kwamba una kivuli.

Uliomvutia Protase ni ule wa ghala la zamani, mbali bondeni, upande wa Kihanga. Ulikuwa mpana. Aliutembea wote huku akionyesha kwa fimbo: hapa chumba cha mwenyekiti, hapa chumba cha kumsubiri mwenyekiti, hapa chumba cha kusubiri nafasi ya kumsubiri.

"Koki ziko mlimani," alisema Celestin.

"Tutahamisha koki."

"Zikija huku chini, maji hayatarudi kupanda."

Protase alifikiri kwa makini. "Yamewahi kuhamasishwa?"

Celestin alikiri kwamba kwa kadiri anavyojua, hayajawahi. Jambo hilo liliwekwa kiporo, maana mvua za vuli zilikaribia na afisa, mwenye kofia mpya, alikwisha kutaja siku ya kuja kukata utepe.

Ndipo Melkiory akaukumbuka msingi wa Kaijage.

Kila mtu aliufahamu. Kabla ya kuugua, Kaijage alikuwa ameanza kumjengea mkewe Evangelina nyumba ya kudumu. Mawe aliyatoa mtoni kwa kichwa chake mwenyewe, akayapanga, akaishia hapo. Msingi ulikaa jirani kabisa na zile koki. Evangelina alibaki kwenye nyumba ya nyasi nyuma yake, ambayo mvua ikinyesha usiku humlazimu kuhamisha kitanda kutoka pembe hadi pembe. Mtoto hawakujaliwa. Ukoo nao ulikuwa bado haujamsimika musika, yaani mrithi wa kukalia kiti cha marehemu, kwa kuwa kila aliyetajwa alikumbuka ghafla kwamba ana safari. Bila musika matanga hayawezi kumalizwa. Basi mama yule alikaa miaka katika msiba usiofungwa, akipalilia kati ya mawe ili yasipotee. Hakuwa akitaka kitu kingine duniani ila nyumba isimame pale.

Kamati ilimkuta akipalilia.

"Shikamoo, Mwenyekiti," alisema, akijifuta mikono kwenye khanga.

"Marahaba, binti," alijibu Protase, ambaye kichwa chake kilikuwa na mvi tangu Evangelina akiwa shule ya msingi. Alipanda juu ya msingi, kamati ikapanda nyuma yake. Akaeleza kwamba umma una haja, kwamba bomba halina uso, kwamba mawe haya yamethibitika.

Evangelina aling'oa jani lililobaki kati ya mawe. "Mume wangu aliyaweka kwa ajili ya nyumba."

"Itakuwa nyumba. Nyumba ya umma."

"Mtaijenga wenyewe?"

"Sisi wenyewe."

"Mpaka paa?"

"Mpaka paa, la bati."

"Hamtaishia njiani kama yeye?"

"Binti, kamati haifi," alisema Protase.

"Na mila ya nyumba hii?"

"Mila itaheshimiwa. Nasema hivyo mbele ya watu wote."

Kweli watu walikuwapo, maana kamati ikisimama mahali watu hukusanyika. Evangelina akaingia ndani. Protase alidhani amekwenda kulia, akajiandaa kwa maneno ya kufariji. Akarudi na kikapu kidogo kilichosukwa vizuri, chenye kahawa ya kutafuna, ile iliyochemshwa pamoja na majani yenye harufu nzuri ikakaushwa, ambayo hakuna mgeni anayeingia nyumba ya heshima asipewe. Akapiga magoti, akampa kila mmoja. Mzee Ndyamukama akaitazama kahawa kiganjani, akanyoosha mkono wa pili.

"Mengineyo," alisema Protase huku akitafuna.

Mzee akatafuna naye.

Jengo likainuka. Celestin alipanga matofali ya kuchoma, vijana wakabeba mchanga, bati likaletwa na lori la wilaya. Mbele palijengwa kaunta yenye dirisha, na Protase mwenyewe alisimamia kimo chake. Aliagiza liwe chini kidogo kuliko kawaida ili mwananchi anayeomba maji ainame, kwa heshima. Nyuma, penye koki, aliagiza pajengwe ukuta wenye kufuli, ila matofali yaliishia kwenye chumba cha kusubiri. Kufuli alikuwa amekwisha kulinunua. Alitembea nalo mfukoni.

Siku ya utepe afisa alikuja, akasifu uso wa bomba, akasema hajaona uso kama ule wilaya nzima. Mkasi ulipokuwa ukitafutwa, ukoo wa Kaijage ukatokea kwenye njia ya migombani. Wazee walikuwa mbele kwa kanzu na koti, wanawake wamebeba mikeka na vibuyu vya rubisi, ile pombe ya ndizi, watoto wana njaa. Wakatandika, wakakaa. Mzee Ndyamukama akasimama, na safari hii hakunyoosha mkono.

"Waitu, ndugu zetu, tunashukuru," alisema. "Tangu Kaijage alale tumekaa bila musika. Kwetu anayekubali urithi hatuhitaji atie sahihi. Anasimama juu ya kazi aliyoiacha marehemu, anaahidi kuimaliza, anatafuna kahawa ya nyumba ile. Wengine wote walikataa. Kamati imekubali, na kazi imeimaliza. Leo tunamaliza matanga. Musika ndiye anayetulisha."

Protase alicheka kidogo, kama mtu anayemsaidia mwenzake aliyeteleza. "Mzee Ndyamukama, kamati ni chombo. Chombo hakirithi."

"Chombo kilitafuna kahawa. Nami nilikuwamo, nikatafuna nikijua ninachotafuna."

"Mbona hukusema?"

"Nilikuwa nasubiri Mengineyo."

Afisa akauliza ni nani aliyeahidi kwamba mila itaheshimiwa. Mkutano mzima ukamwonyesha Protase kwa vidole. Afisa, ambaye asubuhi ile hakuwa amekula, aliwapongeza kwa moyo mweupe. Alisema ni mara ya kwanza kuona kamati yenye familia, akauliza nyama itakuwa tayari saa ngapi. Protase akatuma watu zizini kwake, na Melkiory kwake. Mbuzi waliletwa wakilalamika.

Nyama ilipokuwa jikoni, Eugenia, mke wa Protase, alipita katikati ya mikeka akaja kusimama mbele ya mumewe.

"Baba Felicitas, nasikia umerithi mjane."

"Mimi sikurithi. Imerithi kamati."

"Na kamati inalala wapi?"

Kikao cha dharura kiliitishwa palepale, nyuma ya jengo, wajumbe wakiwa wamesimama. Kilikuwa kifupi kuliko vyote vilivyowahi kufanyika kijijini. Ilikubaliwa kwa kauli moja kwamba kamati imerithi kwa cheo cha mtoto wa marehemu, wala si kwa cheo cha ndugu yake. Mzee Ndyamukama alisema ukoo hauna pingamizi, mtoto ni mtoto.

"Basi msalimie mama yako," alisema Eugenia, "nami nisikie."

Evangelina alikuwa amekaa mkekani, amevaa gauni jeupe la kutoka matangani. Protase alimtazama mkewe, akamtazama afisa, akaangalia chini.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu," alisema Evangelina, na ndipo alipolia, maana neno hilo hakuwahi kupata mtu wa kumwambia.

Yaliyobaki yalijipanga yenyewe. Hapakuwa na mtu ukooni, wala kwa Padri, wala kwa Walutheri, aliyekubali kwamba mama alale kwenye nyumba inayovuja ilhali mwanawe ana nyumba ya bati. Chumba cha mwenyekiti kikawa cha kulala. Chumba cha kusubiri kikawa jiko, na kwenye kaunta zikapangwa sufuria. Mvua za vuli zilipoanza, Evangelina alilala usiku kucha kitanda kikiwa mahali pamoja. Afisa aliandika huko juu kwamba bomba limepata uso, na kwa namna fulani ilikuwa kweli.

Asubuhi moja maji hayakufika upande wa kina Protase. Eugenia alimpa ndoo. Alipofika kwenye dirisha ilimbidi ainame sana, maana alikuwa mtu mrefu na kimo kilikuwa kama alivyoagiza.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umeamkaje?"

"Salama. Kwangu hakuna maji. Naomba unifungulie."

"Mimi sifungui, mwanangu. Koki ziko nyuma, palepale alipoziweka baba yako."

Protase, aliyemzidi Kaijage umri kwa miaka mingi, alizunguka nyuma. Koki tatu zilikuwa wazi kwenye umande. Nguzo ya zamani ilikuwa imechimbiwa upya, na kwenye msumari ilining'inia spana. Katika miaka yote ya uongozi wake hakuwa ameishika. Mbele yake, kati ya migomba, kaburi lilikuwa limefagiliwa, na alama za ufagio zilikuwa bado hazijakanyagwa na kuku.

Alikaza, kumbe alipaswa kulegeza. Mahali fulani bondeni mtu akapiga kelele kwamba maji yamekatika. Akageuza upande wa pili. Bomba likakohoa, likanyamaza, likaanza kuvuma chini ya miguu yake, na Protase akashtuka kujikuta anatabasamu peke yake.

Evangelina alikuwa amesimama kwenye mlango wa nyuma. "Ukimaliza..."

"Najua. Niirudishe."

"Na?"

Protase akageuka. Nyuma yake alikuwa amesimama Melkiory, ameshika ndoo tupu na viatu vimejaa tope.

"Na nimwonyeshe mwingine," alisema Protase, akamnyooshea spana. Melkiory akaweka ndoo chini, akasogea kuanza sifuri.