Sikio la Mtaa wa Tsurumaki

Jumanne, 7 Novemba 1944

Kikosi cha ulinzi wa anga cha mtaa wetu kinatafuta msikilizaji. Kazi: kusimama juu ya paa la bafu la umma na kutambua, kwa sikio tu, ndege zetu na za adui. Jumapili kuna mashindano. Mzee Uchikoshi, kiongozi wetu, atapiga santuri ya serikali yenye ngurumo za ndege, nasi tuzitaje. Kinyozi Nagase anatembea kama aliyekwisha kushinda. Tutaona.

Mke wangu Kiyoe anaitaka kazi hii kuliko mimi. Mguu wake ni mbovu, handaki letu lina maji, na kila king'ora kikilia anashuka akijikaza asilie. Amesema nikijua kuzitofautisha, atashuka siku za kweli tu.

Ijumaa, 10 Novemba

Nimemwambia Mzee Uchikoshi santuri ina vumbi, anipe nikaisafishe. Akanipa, mzee wa watu. Nimeipiga dukani, katikati ya viatu vyangu vya mbao, mpaka sindano ya gramafoni, ya mwanzi siku hizi, ikawa butu. Kwangu ngurumo zote ni moja. Mvumo mtupu! Lakini nimegundua kitu. Kwenye santuri, ndege kubwa ya adui inaanza na mkwaruzo: tak, tak. Zetu hazina. Sasa masikio ya nini?

Kiyoe alinisikia nikizitaja zote bila kukosea, akacheka. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu kijana wetu apelekwe vitani.

Jumapili, 12 Novemba

Ushindi! Nagase kakosea mbili. Akaanza kunung'unika kwamba afadhali twende karibu na uwanja wa jeshi, tukasikilize ndege zenyewe. Nikamwuliza mbele ya watu wote kama anaona santuri ya serikali haitoshi. Akaufyata. Nani siku hizi atajibu swali kama hilo?

Kiyoe amenishonea kitambaa cha msikilizaji, cha kufunga mkononi. Amepika viazi vitamu vyote viwili.

Ijumaa, 24 Novemba

King'ora mchana. Nikapanda paani. Mvumo ukaja juu ya mawingu. Nikausubiri mkwaruzo. Haukuja. Nikatangaza: zetu.

Ng'ambo ya barabara Kiyoe alikuwa mlangoni kwetu, kofia ya pamba kichwani, akiniuliza kama ashuke. Nikamwambia apumzishe mguu. Akanipungia mkono, akaingia ndani. Nagase alikuwa akikimbia barabarani, anawapigia watu kelele kwamba hizo si zetu, washuke upesi. Nikamwambia wivu umemjaa.

Siwezi kuandika zaidi.

Jumapili, 26 Novemba

Bomu lilikuwa moja tu, likaangukia nyumba yetu. Nagase ndiye aliyemtoa Kiyoe chini ya vigae, akamfunika kwa koti lake. Leo tumeuchoma mwili wake, kwa desturi yetu. Mifupa huokotwa na watu wawili, kila mmoja na vijiti vyake, na kijana wetu yuko mbali. Nagase akaja akasimama upande wa pili. Tukaiokota pamoja, tukaitia chunguni, na hakusema neno juu ya ndege.

Nimemlilia Kiyoe mpaka kifua kinauma. Hekaluni nilikolala wamenipa uji, nikamwachia nusu, halafu nikakumbuka.

Huyu Nagase kunyamaza kwake kote huko, nadhani anakitaka kitambaa.

Alhamisi, 30 Novemba

Nimelifikiria sana jambo lile. Kosa ni la sindano. Ya mwanzi haifai kabisa, inameza sauti.

Mzee Uchikoshi alikuja kuniambia kwa upole kwamba nimefiwa, nipumzike, kazi aichukue Nagase. Nikalia. Kweli nililia. Nilipoona machozi yanamlegeza, nikaongeza kidogo. Akasema basi, basi, Bwana Tokujiro, baki nayo.

Jioni akaja jirani yangu Fusae, mjane anayenyonyesha. Eti akimtoa mtoto kwenye joto na kumteremsha handakini, mtoto anakohoa usiku kucha. Akauliza atajuaje siku ya kushuka na siku ya kubaki. Alikuwa amechoka, maskini, nikamwonea huruma.

Nimemwambia asihangaike. Abaki ndani na mtoto, anisikilize mimi.